Kabla Mpira Haujapigwa: Jinsi Timu za Vyuo vya Marekani Zinavyotabiriwa, na Mambo Yaliyowapata Florida State na Indiana

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Agosti, katika miji mingi ya Marekani watu huwa hawana mazungumzo ila moja: mpira wa vyuo vikuu. Si mpira huu tuujuao sisi, wa kupigwa kwa mguu, bali ni ule wa kushikwa mikononi na kukimbizwa nao, na mpira wenyewe umechongoka ncha mbili. Hata mchezo mmoja haujachezwa, magazeti yamekwisha zipanga timu tangu ya kwanza hadi ya 25, mabingwa wa maneno wamekwisha sema nani atachukua kombe na nani atatahayari, na watu wamekwisha gombana vibarazani.

Kazi hii ya kukadiria kitu kabla hakijaonekana si ngeni kwa wasomaji wa kurasa hizi. Lakini hapa kinachokadiriwa ni vijana wa miaka 18 hadi 23, nao ni wagumu kupimwa kuliko mti. Tumeona yafaa tueleze jinsi kazi hiyo ifanywavyo, na tutachukua vyuo viwili kuwa mfano. Kimoja ni Florida State, katika mji wa Tallahassee, ambacho mwaka 2024 kilitabiriwa neema kikapata njaa. Cha pili ni Indiana, katika mji wa Bloomington, ambacho mwaka huo huo hakuna aliyekitazamia kitu, kikajaza ghala.

Kwanza tuuseme mchezo wenyewe kwa ufupi, maana asiyeujua hatafahamu yafuatayo. Kila upande huweka watu 11 uwanjani, na uwanja una urefu wa yadi 100. Upande wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Wakizipata, hupewa nafasi nne nyingine; wakizikosa, mpira huenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira mwisho wa uwanja ni pointi 6, na kuupiga kwa mguu ukapita katikati ya milingoti ni pointi 3. Mtu mmoja aitwaye kwotabeki ndiye nahodha wa jahazi: yeye hupokea mpira kila mara na kuamua kuurusha, kumpa mwenziwe, au kukimbia nao mwenyewe. Mbele yake husimama watu watano wakubwa wa miili, wengi wao wakipita ratili 300, na kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie. Watu hawa watano hawaimbwi na mtu yeyote, lakini tutaona kwamba wakiwa dhaifu hakuna kitakachofaa.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba hawa ni wanafunzi. Kwa kanuni ya kawaida mchezaji ana misimu minne tu ya kucheza, naye hupewa miaka mitano ya kuimaliza. Basi kila mwaka robo ya timu au zaidi huondoka, na vijana wapya huja kutoka skuli za sekondari. Timu iliyochukua ubingwa mwaka jana si timu ile ile mwaka huu, ijapokuwa jezi ni zile zile na nyimbo ni zile zile. Kazi ya mtabiri huanzia hapo.

Shirika la habari la Associated Press lilianza kuzipanga timu kwa kura za waandishi mwaka 1936, na tangu mwaka 1950 hutoa pia orodha kabla ya msimu kuanza. Kwa hiyo yapo makaratasi ya miaka mingi ya kuonyesha nani alisema nini, na mengine yachekesha. Mwaka 1964 waandishi waliiweka Mississippi namba ya kwanza. Ikashinda michezo 5, ikapoteza 5, ikatoka sare mmoja. Mwaka 2012 waliiweka Southern California namba ya kwanza. Ikamaliza kwa ushindi 7 na kushindwa 6, na jina lake halikuonekana katika orodha ya mwisho. Mwaka 2007 Michigan ilikuwa ya 5, na katika mchezo wa kwanza kabisa, tarehe 1 Septemba, mbele ya watu wake zaidi ya 100,000, ilifungwa 34 kwa 32 na Appalachian State, timu ya daraja la chini iliyoalikwa ili ipigwe na kulipwa nauli yake. Na juzi hapa, Agosti 2025, Texas iliwekwa ya kwanza, nayo haikuingia hata katika zile 12 zilizoitwa kugombea ubingwa.

Haki nayo isemwe. Mwaka 1999 waandishi waliiweka Florida State namba ya kwanza kabla ya msimu, ikabaki ya kwanza kila juma mpaka mwisho, ikashinda michezo yote 12 na kumaliza kwa kuipiga Virginia Tech 46 kwa 29. Hiyo ndiyo timu ya kwanza katika historia ya orodha hiyo kukaa juu tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Mwalimu wake alikuwa Bobby Bowden, aliyeifundisha tangu 1976 hadi 2009. Katika miaka 14 mfululizo, 1987 hadi 2000, timu yake haikumaliza hata mara moja nje ya tano bora. Tumelitaja jambo hili kwa sababu jina kubwa la zamani huwafumba watu macho: wengi wakiitazama jezi ya Florida State huwaona watu wa Bowden, na watu wa Bowden walikwisha ondoka zamani.

Sasa mtabiri aliye makini hutazama nini?

La kwanza huuliza ni wangapi waliobaki. Katika wale 11 wa kushambulia na 11 wa kuzuia, ni wangapi waliocheza mwaka jana na wapo tena? Timu yenye 16 au 17 waliobaki huhesabiwa kuwa imekomaa. Yenye 7 au 8 ni timu mpya. Lakini kuhesabu vichwa peke yake hakutoshi, kwa maana kichwa cha kwotabeki si sawa na kichwa cha mtu wa pembeni. Kwotabeki akibaki, nusu ya khofu imekwisha. Halafu watazamwe wale watano wa mbele, nao kama wamecheza pamoja. Kazi yao ni ya kuelewana kama wapiga makasia: wawili wazuri na watatu wageni ni sawa na kutokuwa na mtu.

Hutazamwa pia ratiba. Msimu wa kawaida una michezo 12, na vyuo vikubwa hujichagulia wenyewe baadhi ya wapinzani wao. Wako wanaojipangia wanyonge watatu mwanzoni ili wajaze hesabu. Ukisikia timu fulani imeshinda mitano ya kwanza, usipige vigelegele kabla hujauliza imewashinda nani.

Na liko jambo moja ambalo watu wa barazani hawalipendi, nalo ni kuhesabu bahati. Wanaofanya hesabu wameona kwamba timu iliyoshinda michezo mingi kwa pointi chache mwaka mmoja, mwaka wa pili aghalabu hurudi nyuma. Na iliyoshindwa mara nyingi kwa pointi chache hupanda. Sababu yake ni kwamba mchezo wa karibu huamuliwa na jambo dogo: mpira kuponyoka mkononi, upepo, mwamuzi. Jambo dogo halina ahadi ya kurudi mwakani.

Texas Christian ni mfano mzuri. Mwaka 2022 ilitabiriwa kuwa ya 7 katika timu 10 za ligi yake, ikiwa na mwalimu mpya, Sonny Dykes. Ikashinda michezo yote 12 ya kawaida, mingi kwa tofauti ndogo na mingine dakika za mwisho, halafu ikaipiga Michigan 51 kwa 45 na kufika fainali. Huko Georgia wakaichana 65 kwa 7. Mwaka uliofuata ilianza msimu ikiwa ya 17 katika orodha, ikashindwa nyumbani na Colorado siku ya kwanza, ikamaliza na ushindi 5 na kushindwa 7. Wenye kuhesabu bahati walikuwa wamekwisha sema.

Lakini msije mkadhani hesabu hiyo ni sheria. Mwaka 2021 Nebraska ilipoteza michezo 9 katika 12, na yote 9 kwa tofauti isiyozidi pointi 9. Hesabu ikasema: hawa hawana bahati tu, mwakani watapanda. Wakubwa wa chuo wakaisikia, wakambakiza mwalimu wao Scott Frost, wakampunguzia mshahara, wakangoja mavuno. Mwaka 2022 mchezo wa kwanza, uliochezwa Dublin huko Ireland, wakashindwa na Northwestern kwa pointi 3. Tarehe 10 Septemba wakashindwa na Georgia Southern kwa pointi 3 nyingine, na kesho yake Frost akafukuzwa. Kwa kumfukuza siku hiyo badala ya kungoja tarehe 1 Oktoba, chuo kilimlipa kama dola milioni 15, ambazo zingeshuka kuwa nusu yake. Basi mtu anayeshindwa kila mara kwa pointi chache huenda hana bahati, na huenda hajui kumaliza kazi. Makaratasi hayawezi kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili. Huo ndio udhaifu wao mkubwa, na gharama yake si ya waandishi bali ya watu wanaoajiriwa na kufukuzwa.

Turudi Tallahassee. Mike Norvell alichukua timu ya Florida State mwaka 2020 ikiwa imedhoofika. Mwaka wa kwanza alishinda 3, wa pili 5, wa tatu 10. Mwaka 2023 timu ilishinda michezo yote 12 ya kawaida na kisha fainali ya ligi yake dhidi ya Louisville, 16 kwa 6. Lakini mwezi wa Novemba kwotabeki wake, Jordan Travis, alikuwa amevunjika mguu. Tarehe 3 Desemba kamati iliyokuwa ikichagua timu nne za kugombea ubingwa ikaiacha nje, kwa kusema kwamba bila Travis si timu ile ile. Tangu utaratibu wa timu nne uanze haikuwahi kutokea bingwa wa ligi kubwa asiyeshindwa kuachwa nje. Watu walikasirika mno, na sisi twaona walikuwa na haki. Siku chache kabla ya mwaka mpya timu ikacheza na Georgia huku wachezaji wake wengi wamekwisha jitoa, ikafungwa 63 kwa 3.

Ikaja Agosti 2024. Waandishi wa ligi wakaitabiria Florida State ubingwa wa ligi, na Associated Press ikaiweka ya 10 katika nchi nzima. Sababu zilisikika kuwa nzuri: mwalimu aliyepanda kila mwaka, hasira ya kudhulumiwa, na kwotabeki mpya, DJ Uiagalelei, kijana mwenye nguvu na jina kubwa aliyekwisha chezea Clemson na Oregon State.

Waliosoma kwa makini wangeona jambo jingine. Wachezaji 10 wa Florida State walikuwa wamechaguliwa na timu za kulipwa mwezi wa Aprili, na wengi wa walio bora kati yao hawakuwa wamelelewa Tallahassee. Jared Verse alitoka Albany, Keon Coleman Michigan State, Braden Fiske Western Michigan, Trey Benson Oregon. Norvell aliwakusanya watu wazima kutoka vyuo vingine, wakaiva pamoja mwaka mmoja, wakaondoka pamoja. Wakulima wetu wajua mkarafuu uliozaa sana mwaka huu aghalabu hupumzika mwaka wa pili. Tena mkarafuu hubaki pale pale shambani. Hawa walikwenda zao na mizizi yao.

Msimu ulianza tarehe 24 Agosti, Dublin tena, na Georgia Tech wakashinda 24 kwa 21 kwa teke la mwisho kabisa. Wengi walisema ni ajali. Juma lililofuata Boston College wakashinda 28 kwa 13, kisha Memphis 20 kwa 12. Hapo ndipo ikaonekana wazi kwamba wale watano wa mbele hawawezi kumlinda mtu, na kwotabeki asiyelindwa hana jina wala nguvu. Tarehe 21 Septemba wakaishinda California 14 kwa 9, na huo ndio ushindi pekee walioupata kwa timu ya daraja lao msimu mzima. Uiagalelei akaumia mkono wa kurushia katika mchezo wa SMU, hakurudi tena. Notre Dame wakawapiga 52 kwa 3, na kesho yake Norvell akawaachisha kazi wasaidizi wake watatu. Hesabu ya mwisho: kushinda 2, kushindwa 10, na mwaka uliotangulia walikuwa 13 kwa 1.

Msomaji alikumbuke jina la kwotabeki aliyeshindwa siku ile na timu ya California: Fernando Mendoza, kijana mwenye asili ya Kuba aliyekulia Miami. Tutakutana naye tena.

Kabla ya kwenda Indiana hatuna budi kusema neno juu ya kuhama, kwa sababu bila hilo miaka hii haifahamiki. Zamani mchezaji aliyehama chuo alilazimika kukaa nje mwaka mzima kabla ya kucheza. Mwaka 2018 likafunguliwa daftari la uhamisho, mchezaji akawa anatia jina lake na vyuo vingine wakimwita. Mwaka 2021 wakaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na mwaka 2024 kuhama kila watakapo. Tena tangu tarehe 1 Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vyaruhusiwa kuwalipa. Kwa mwaka huo wa kwanza kila chuo kiliwekewa mpaka wa dola milioni 20.5 kwa michezo yake yote. Wako wanaolia kwamba jambo hili limeuharibu mchezo. Sisi hatuoni ajabu kwamba mtu anayejaza uwanja wa watu 80,000 apate chochote. Lakini kwa mtabiri balaa ni kubwa. Ile hesabu ya kuuliza ni wangapi waliobaki imekuwa kama kuhesabu abiria wa jahazi likiwa bado bandarini: mmoja anashuka, wawili wanapanda.

Basi Indiana. Hapana timu ya daraja la kwanza iliyokuwa imeshindwa michezo mingi kuliko Indiana katika historia nzima ya mchezo huu ilipofika mwaka 2023. Mara ya mwisho ilikuwa imeshinda mchezo wa baada ya msimu mwaka 1991. Chuo hicho kilijulikana kwa mpira wa kikapu, na watu wengi Bloomington waliuona msimu wa mpira wa mikono na miguu kuwa ni njia ya kupitisha wakati mpaka kikapu kianze. Mwaka 2023 walishinda 3 wakashindwa 9, wakamfukuza mwalimu, na tarehe 30 Novemba wakamwajiri Curt Cignetti.

Alikuwa na umri wa miaka 62. Baba yake naye alikuwa mwalimu wa mpira. Cignetti aliwahi kuwa msaidizi wa Nick Saban pale Alabama tangu 2007 hadi 2010, kisha akafanya jambo ambalo rafiki zake hawakulielewa: akaacha kazi ile yenye heshima na mshahara mkubwa akaenda kuongoza chuo kidogo cha daraja la pili huko Pennsylvania, ili awe mkuu mahali pake mwenyewe. Kutoka hapo akaenda Elon, kisha James Madison. Katika miaka yote hiyo hakupata hata msimu mmoja wa kushindwa zaidi ya kushinda. Khabari hii haikuwa siri. Ilikuwa imeandikwa, kila mtu aliweza kuisoma.

Lakini Julai 2024, waandishi wa ligi ya Big Ten walipopiga kura, waliiweka Indiana ya 17 katika timu 18. Walikuwa wametazama jezi.

Hawakutazama kwamba Cignetti hakuja peke yake. Wachezaji 13 wa James Madison walimfuata, watu waliozoea sauti yake na mazoezi yake. Kwa kwotabeki akamleta Kurtis Rourke, Mkanada kutoka chuo cha Ohio, mtu mzima aliyekwisha cheza sana. Kwa hiyo, ijapokuwa kwa makaratasi Indiana ilikuwa timu mpya, kwa hakika nusu yake ilikuwa timu ya zamani iliyohama pamoja, na hiyo ndiyo tofauti yake na Florida State ya mwaka ule. Wote wawili walichukua wageni. Mmoja alichukua wageni wenye majina wasiojuana. Mwingine alichukua watu wasiokuwa na majina, waliojuana.

Indiana ikashinda michezo 10 ya kwanza. Wakosoaji wakasema ratiba yao ni nyepesi, na hawakukosea: walipokutana na Ohio State tarehe 23 Novemba walifungwa 38 kwa 15, na katika mashindano ya ubingwa, ambayo mwaka huo yaliongezwa yakawa ya timu 12, Notre Dame waliwatoa 27 kwa 17. Hata hivyo kushinda 11 katika 13 ni jambo ambalo chuo hicho hakikuwahi kuliona.

Agosti 2025 Associated Press ikawapa Indiana namba ya 20. Mtu angeweza kuitetea namba hiyo. Rourke ameondoka, ratiba safari hii ina Oregon ugenini, na mwaka mzuri mmoja katika miaka mia si ushahidi. Kwotabeki wao mpya alikuwa nani? Yule yule Mendoza wa California. Wengi walimjua kama kijana hodari wa timu isiyoshinda.

Tarehe 20 Septemba wakaipiga Illinois 63 kwa 10. Tarehe 11 Oktoba wakaenda Oregon wakashinda 30 kwa 20. Tarehe 8 Novemba, Penn State, walikuwa nyuma dakika ya mwisho, na Mendoza akamrushia Omar Cooper mpira mwisho wa uwanja, naye akaushika huku mguu mmoja ukigusa ndani ya mstari kwa kadiri ya kidole, wakashinda 27 kwa 24. Katika fainali ya ligi wakaishinda Ohio State 13 kwa 10. Mendoza akapewa nishani ya Heisman, ya mchezaji bora wa nchi nzima, wa kwanza wa Indiana kuipata. Katika mashindano ya ubingwa wakaiangusha Alabama 38 kwa 3 na Oregon mara ya pili 56 kwa 22, na tarehe 19 Januari 2026, katika uwanja ulio karibu na mji aliokulia Mendoza, wakaishinda Miami 27 kwa 21. Michezo 16, ushindi 16. Timu iliyowahi kufikisha hesabu hiyo bila kushindwa ilikuwa Yale, mwaka 1894.

Florida State nao mwaka huo 2025 wana hadithi yao. Tarehe 30 Agosti waliishangaza Alabama 31 kwa 17, watu wakaingia uwanjani kwa furaha, na magazeti yakaandika kwamba wamefufuka. Wakamaliza na ushindi 5 na kushindwa 7. Mchezo mmoja wa Agosti hudanganya kama mvua ya siku moja.

Basi mtu akikuletea utabiri wa msimu ujao, wa timu hizi au nyingine, muulize maswali haya. Kwotabeki ni nani, na amecheza michezo mingapi ya kweli? Wale watano wa mbele wamekaa pamoja kwa muda gani? Waliohamia wametoka wapi, nao walipata kucheza pamoja au wamekutana kwenye behewa? Mwalimu amewahi kufanya kazi hii mahali pasipo na fedha wala jina? Akikujibu kwa kukutajia makombe ya mwaka 1999, mshukuru, umwagizie kahawa.

Na juu ya mabingwa wenyewe, swali ni lile lile. Mwenye kombe huonekana mwenye nguvu kwa sababu ya kombe, hali wengi waliolichukua wameondoka. Sisi, kama tungekuwa na kura, tungempa Cignetti nafasi nzuri kuliko tuliyompa Norvell mwaka 2024, kwa sababu moja tu: amejenga timu mara kadha katika vyuo mbalimbali kwa vijana ambao hawakupiganiwa na wengine, na desturi hiyo haiondoki na mchezaji mmoja. Lakini safari hii kila mpinzani atamngojea, na wale wachezaji wasiokuwa na majina sasa wana majina, na wenye fedha wanazijua namba zao za simu.

Michezo ya kwanza huchezwa Jumamosi za mwisho za Agosti. Orodha ya Associated Press hutoka juma moja au mawili kabla yake. Mwenye kupenda aikate, aiweke katika Kurani au kabatini, kisha aitoe mwezi wa Januari.